Uchungu wa Jino na Hofu Yake

Kabla ya mwaka 1846, mtu aliyepasuliwa hospitalini katika nchi za Ulaya au Marekani alipasuliwa akiwa macho. Alinyweshwa brandi au afyuni kidogo, akashikwa na wanaume wenye nguvu, na sifa kubwa ya daktari ilikuwa wepesi wa mkono wake. Robert Liston wa London alisifiwa mbali na karibu kwa kuwa aliweza kukata mguu kwa muda usiozidi dakika tatu. Karne baada ya karne matabibu waliukubali uchungu kuwa ni sehemu ya kazi yao, kama seremala akubalivyo vumbi la mbao. Kwa hiyo ni jambo la kustaajabisha ya kuwa watu walioufanya ulimwengu uamini kwamba uchungu huo waweza kushindwa hawakuwa madaktari wakuu wa hospitali, bali waganga wawili wa meno wa Marekani, watu ambao mabwana wa hospitali wa siku zile hawakuwahesabu sana kuwa wenzao.

Mimi naona sababu yake si ngumu kuifahamu. Mtu mwenye mguu uliooza alikuwa na njia mbili tu mbele yake, kukatwa au kufa. Apende asipende, alikwenda kwa daktari. Mtu mwenye jino bovu alikuwa na njia ya tatu, nayo ni kukaa nyumbani. Aliweza kufunga shavu lake kwa kitambaa, kusukutua maji ya chumvi, kubana karafuu mahali palipotoboka, na kungoja. Daktari wa upasuaji alipata wagonjwa wake hata walipoogopa. Mng'oa meno aliwapoteza. Hofu ya wagonjwa ilikuwa hasara yake mwenyewe, na mtu huitafutia dawa upesi hasara inayomgusa.

Wala hofu hiyo haikuwa ya kitoto. Chombo kilichotumika sana katika karne ya 18 kilifanana na ufunguo: kilikuwa na mpini wa kuzungushwa na kulabu ya kulikamata jino, na mara nyingi kiliondoka na kipande cha ufizi au cha mfupa wa taya. Katika mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye wengi humwita baba wa uganga wa meno, alichapa kitabu kikubwa juu ya kazi yake, na katika mambo aliyoyalaumu mojawapo lilikuwa desturi ya kumkalisha mgonjwa chini, kichwa chake kimebanwa katikati ya magoti ya mng'oaji. Yeye alitaka mgonjwa aketishwe juu ya kiti imara, kwa adabu na utulivu. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya hofu aliyokuwa nayo: kiti na maneno mazuri.

Dawa yenyewe, kwa kweli, ilikwisha kupatikana muda mrefu kabla ya mtu kujua kuwa ni dawa. Gesi iitwayo naitrasi oksaidi ilitengenezwa na Joseph Priestley huko Uingereza katika mwaka 1772. Miaka ishirini na saba baadaye, katika mji wa Bristol, kijana mmoja aitwaye Humphry Davy alianza kuivuta mwenyewe ili aone itamfanya nini. Ilimchangamsha na kumchekesha. Siku moja ufizi wake ulikuwa umevimba kwa sababu ya gego la mwisho, akavuta gesi ile, akaona maumivu yamepungua. Davy alikuwa mtu wa kuandika kila kitu. Katika kitabu alichokichapa mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 21, alisema ya kuwa huenda gesi hiyo ikafaa katika upasuaji ambao haumwagi damu nyingi. Maneno hayo yalisomwa na wenye elimu wa Ulaya, na kwa muda wa miaka arobaini na minne hakuna mmoja wao aliyeyajaribu. Gesi iligeuzwa mchezo. Watu walilipa kiingilio wakawatazame wenzao wakiivuta, wakicheka, wakiyumbayumba na kusema maneno yasiyo na maana.

Katika mchezo wa namna hiyo ndimo alimoketi Horace Wells, mganga wa meno wa mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, usiku wa tarehe 10 Desemba 1844. Alikuwa na miaka 29. Mwenye mchezo alikuwa Gardner Colton. Kijana mmoja wa dukani, Samuel Cooley, alivuta gesi, akaanza kukimbia huku na huko, akajigonga mguu kwenye mabenchi, kisha akarudi kuketi. Damu ilikuwa ikimtoka, naye hana habari. Watazamaji wengine waliona kichekesho. Wells aliona mguu. Akamwuliza kijana kama hakuumia, naye akajibu kuwa hakusikia kitu.

Asubuhi yake Wells hakutafuta mtu mwingine wa kumjaribia. Aliketi mwenyewe katika kiti chake, Colton akampa mfuko wa gesi, na rafiki yake John Riggs, mganga wa meno pia, akashika koleo. Jino lenyewe lilikuwa gego. Lilipotoka, Wells hakujitikisa, na alipozindukana alisema kwa furaha ya kuwa hakuhisi uchungu wa kuzidi kuchomwa pini. Hebu fikiri, msomaji, jinsi Riggs alivyokuwa na hofu alipokuwa akishika koleo lile. Maana hakuna aliyejua kama mtu aliyetiwa gesi hata asijue kung'olewa jino ataamka tena.

Katika majuma yaliyofuata Wells aliwatia gesi wagonjwa kadha wa kadha wa Hartford, na wengi waling'olewa meno yao kwa amani. Mwezi wa Januari 1845 alisafiri mpaka Boston, mji wenye chuo na hospitali kubwa, ili awaonyeshe wakubwa wa elimu. Daktari John Collins Warren, mpasuaji mkuu wa huko, alimpa nafasi ya kusema mbele ya wanafunzi wake. Mtu mmoja akakubali kung'olewa jino. Mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno, na jino lilipovutwa mgonjwa akapiga ukelele. Wanafunzi wakacheka na kuzomea, wakasema ni udanganyifu. Baadaye yule mgonjwa mwenyewe alikiri kwamba hakuumia kama ilivyo kawaida, lakini nani alingoja kumsikiliza? Ukelele mmoja ulitosha kuwa hukumu.

Hapa ni lazima tusimame kidogo, kwa sababu gesi ile ilizomewa kwa kosa lisilokuwa lake. Naitrasi oksaidi ni dawa dhaifu. Hata mtu akivuta kiasi kikubwa, maadamu amechanganyiwa oksijeni ya kumtosha, halali usingizi mzito wa kupasuliwa. Maumivu hupungua, moyo hutulia, lakini fahamu haziondoki zote. Wells na wenzake walipata usingizi kwa kuwapa wagonjwa gesi tupu bila oksijeni, na kwa kweli sehemu ya usingizi ule ilikuwa ni kukosa pumzi. Kwa hiyo nafasi ya kufanya kazi ilikuwa nyembamba sana: mfuko ukiondolewa mapema mtu hulia, ukichelewa midomo yake hugeuka rangi. Wanafunzi wa Boston waliona ya kuwa gesi haikumlaza mtu, nao walisema kweli. Hawakuuliza kama kumlaza ndiko kulikohitajiwa.

Wells alirudi Hartford akiwa amevunjika moyo, akaacha kazi yake mara kwa mara, akajaribu biashara ya bafu za manyunyu na hata ya kununua picha huko Paris. Aliyeshika kamba alipoiachia yeye alikuwa William Morton, aliyekuwa mwanafunzi wake na kisha mshirika wake. Morton alikuwa na haja ya dhahiri. Alitengeneza meno ya bandia, na kabla ya kuyaweka ilikuwa lazima ang'oe mizizi yote ya meno ya zamani. Wateja walipoambiwa hivyo walichukua kofia zao wakaenda zao. Akaacha gesi akashika etha, maji yenye harufu kali ambayo mvuke wake humlaza mtu kwa nguvu zaidi. Mkemia Charles Jackson alimpa shauri katika jambo hilo, na shauri hilo lilizaa ugomvi wa maisha.

Jioni ya tarehe 30 Septemba 1846 mtu mmoja aitwaye Eben Frost, mwalimu wa muziki, alibisha mlangoni kwa Morton akiwa na jino linalomtesa. Aliogopa koleo kiasi cha kuomba alazwe kwanza kwa ile elimu ya kumduwaza mtu kwa macho na mikono, iliyovuma sana siku zile. Morton akamwambia ya kuwa anacho kitu bora zaidi, akatia etha katika leso. Jino likatoka, Frost hana habari. Siku kumi na sita baadaye, tarehe 16 Oktoba, Morton alisimama katika hospitali kubwa ya Boston mbele ya Warren yule yule. Mgonjwa alikuwa kijana Gilbert Abbott, mwenye uvimbe shingoni. Warren alikata, kijana hakulia, na yasimuliwa ya kuwa mzee yule aliwageukia watazamaji akawaambia kwamba huu haukuwa udanganyifu. Abbott alipoamka alisema alihisi kana kwamba shingo yake ilikwaruzwa tu.

Habari hiyo ilivuka bahari pamoja na barua za meli. Tarehe 19 Desemba 1846 mganga wa meno James Robinson alimng'oa jino mwanamke mmoja huko London kwa etha, na siku mbili baadaye Liston, bwana wa dakika tatu, alikata mguu wa mtu aliyelala. Hata huko jino lilitangulia mguu.

Laiti hadithi ingeishia hapo ingekuwa tamu. Morton aliitia etha rangi na manukato ili isijulikane, akaipa jina la fahari, akaandikisha haki ya kuiuza peke yake. Madaktari wa hospitali walikataa kutumia kitu cha siri, naye akalazimika kuitaja mwezi wa Novemba. Tangu hapo yeye, Jackson na Wells waligombania heshima ya uvumbuzi, kila mmoja na mashahidi wake. Na wakati huo wote daktari Crawford Long wa Georgia alikuwa amekwisha kuitumia etha kumpasulia mtu uvimbe tangu tarehe 30 Machi 1842, ila hakuchapisha habari zake mpaka 1849. Wells aliendelea kujijaribia dawa mwilini mwake, safari hii klorofomu, dawa mpya iliyotoka Edinburgh. Ilimvuruga akili. Mwezi wa Januari 1848, katika mji wa New York, alikamatwa kwa kuwamwagia wanawake tindikali barabarani. Fahamu zilipomrudia akaona alilolitenda, akajiua gerezani tarehe 24 ya mwezi huo, umri wake miaka 33. Baada ya kufa kwake ikafika barua kutoka Paris: chama cha matabibu wa huko kilikuwa kimemkubali kuwa mvumbuzi. Siku nne tu baada ya kifo chake, katika Uingereza ya kaskazini, msichana wa miaka 15, Hannah Greener, alikufa kwa klorofomu aliyopewa ili aondolewe ukucha wa mguu. Ilikuwa ni mara ya kwanza watu kuona wazi ya kuwa usingizi huo una bei, na kwamba bei yake yaweza kuwa kubwa kuliko ugonjwa.

Gesi ya Wells ilifufuliwa na mwenye mchezo, Colton, katika mwaka 1863. Alifungua nyumba ya kung'olea meno huko New York, na wagonjwa waliotoka salama walitia sahihi zao katika karatasi ndefu aliyoitunza kama hazina. Katika mwaka 1868 daktari Edmund Andrews wa Chicago akashauri gesi ichanganywe na oksijeni. Ushauri huo ulikuwa na maana kubwa kuliko ilivyodhaniwa, lakini uliwangoja watu muda mrefu.

Kwa maana wakati huo macho yaligeukia kwingine. Katika mwaka 1884 Carl Koller wa Vienna alionyesha ya kuwa kokeini yaweza kulifisha jicho ganzi, mtu akapasuliwa huku akitazama. Katika muda wa miezi michache daktari William Halsted wa New York aliichoma karibu na mshipa wa fahamu wa taya ya chini, na nusu ya taya ikafa ganzi nzima. Halsted naye alijijaribia mwenyewe, akawa mtumwa wa kokeini. Ikatakiwa dawa yenye nguvu ile bila utumwa ule. Alfred Einhorn wa Ujerumani aliunda prokeini katika mwaka 1904, na huko Sweden Nils Löfgren akaunda lidokeini mwaka 1943. Lidokeini na jamaa zake ndizo zimo katika sindano za waganga wa meno hata leo. Hazimlazi mtu wala hazigusi akili yake. Huziba njia ya maumivu kutoka kwenye jino kwenda kwenye ubongo, basi.

Mtu angetazamia kwamba sasa viti vya waganga wa meno vitajaa. Uchungu ulikuwa umeshindwa, na kwa bei ya sindano moja. Lakini watu wengi walizidi kukaa nyumbani na vitambaa vyao mashavuni, na wengine waliiogopa hiyo sindano kuliko jino. Katika mwaka 1969 Mmarekani Norman Corah alichapa maswali manne ya kupimia hofu hiyo. Utajisikiaje ikiwa kesho wapaswa kwenda kwa mganga wa meno? Utajisikiaje barazani ukingoja zamu yako? Utajisikiaje kitini, naye anatayarisha keekee? Na akitayarisha vyombo vya kukwangulia meno? Yatazame vizuri maswali hayo. Hakuna hata moja linalouliza habari za maumivu. Yote manne yauliza habari za kungoja. Yeyote aliyewahi kuusikia mlio wa keekee kutoka chumba cha pili, naye bado hajaguswa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Basi hofu na uchungu vilikuwa vitu viwili tangu mwanzo, ila kwa kuwa viliketi katika kiti kimoja watu walidhani ni kimoja. Dawa ya kwanza ya hofu ilikuwa kumzima mtu kabisa. Lugha yetu imeyaeleza vyema hayo kwa neno nusukaputi, ambalo kipande chake cha mwisho husadikiwa kuwa ni cha Kijerumani: nusu ya kufa. Huko Uingereza kwa miaka mingi watu, na watoto wengi sana, walilazwa usingizi mzito katika vyumba vya kawaida vya waganga wa meno, pasipo vifaa vya hospitali, kwa ajili ya meno mawili matatu. Wachache hawakuamka. Jambo hilo lilikomeshwa mwishoni mwa mwaka 2001. Tangu hapo usingizi mzito wa kung'olewa meno hutolewa nchini humo hospitalini tu.

Njia ya pili ni kumtuliza mtu bila kumlaza. Mwalimu mmoja wa uganga wa meno huko California, Niels Jorgensen, alianza katika mwaka 1945 kuwachoma wagonjwa wenye hofu dawa za kutuliza mshipani, kidogo kidogo, mpaka waone raha huku wangali wakijibu wanaposemeshwa. Kisha ndipo huwapiga sindano ya ganzi. Dawa zake zilikuwa nzito kidogo. Kuanzia mwaka 1963 zilipatikana tembe za diazepamu, ambazo mtu huweza kuandikiwa azimeze kabla ya kwenda kutibiwa. Kisha ikaja midazolamu, ambayo ndiyo huchomwa mshipani siku hizi mahali pengi. Aliyechomwa hiyo hubaki akisikia na kutii, lakini mara nyingi baadaye hakumbuki kilichopita. Kuna dawa ya kuirudisha nyuma ikizidi, nayo ni flumazenili, na kidoleni mwa mgonjwa hubanwa kifaa cha kupima oksijeni iliyomo katika damu. Mtu huyo hapaswi kurudi nyumbani peke yake wala kuendesha gari siku hiyo.

Na ile gesi iliyozomewa Boston? Imerudi kitini, na hasa kwa watoto. Mgonjwa huvishwa kifuniko kidogo puani, akaanza kwa oksijeni tupu, kisha naitrasi oksaidi huongezwa polepole. Mashine zilizotengenezwa kwa kazi hii hazikubali oksijeni ipungue chini ya sehemu 30 katika 100, hata mtu akikosea mkono. Mwenye mafua makali haimfai, kwa kuwa pua imeziba. Na sindano ya ganzi bado yatakiwa, ila sasa mgonjwa huipokea kwa utulivu. Vidole na miguu huwasha kidogo, mwili huwa kama umepata ujoto, na mlio wa keekee huonekana kuwa uko mbali. Mtoto huulizwa jambo akajibu. Akilia, hasemwi kuwa dawa ni udanganyifu. Mganga hugeuza kipimo kidogo. Kazi ikiisha hurudishiwa oksijeni tupu kwa dakika chache, gesi ikamtoka mapafuni karibu yote, akashuka kitini na kwenda kwa miguu yake.